Mkono Uliovuta Wenzo

Ngazi ya kupandia ukumbi wa kompyuta wa Protais ilikuwa na vidato kumi na saba, vyote vya jiwe jeusi la volkano, na asubuhi ile Verediane Uwimbabazi alivihesabu mara tatu kabla hajamruhusu mtu yeyote kupanda. Kidato cha pili kutoka juu ndicho kilichompeleka Protais hadi chini siku ya Jumamosi, nyonga ikavunjika na kichwa kikapasuka. Sasa ilikuwa Jumatatu, saa tatu na robo. Saa sita kamili faili la kesi lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na jina lililoandikwa juu yake ni la Akaliza. Kosa: kujaribu kuua.

Akaliza mwenyewe alikuwa chini, mlangoni mwa duka la vitenge, amesimama kati ya askari wawili, pingu zake zimefunikwa kwa sweta ili wapita njia wasimkodolee macho. Walimkodolea vilevile. Mji wa Gisenyi ulishajua kila kitu tangu Jumamosi jioni: yule binti wa Mahoko anayeunda mitego kwenye kompyuta ameunda mmoja wa kweli, amemtegea mwenye ukumbi, basi. Hadithi tamu hivyo nani angeikataa?

Verediane aliikataa kwa sababu moja tu. Ilikuwa imekaa vizuri mno, nayo miaka ishirini na miwili ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kutoviamini vitu vilivyokaa vizuri mno.

Alipiga magoti kwenye kidato. Upande wa kushoto kulikuwa na reli ya chuma, na hapo ndipo ncha moja ya waya wa buluu wa mtandao ilikutwa imefungwa, usawa wa kifundo cha mguu. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta mtupu wa mawe. Ripoti ya wenzake ilisema ncha ya pili ilifungwa kwenye msumari uliomo ukutani, kisha fundo likafunguka Protais alipojikwaa. Msumari alioutaja mwandishi wa ripoti ulikuwepo kweli, umeota kutu. Verediane aliumulikia tochi. Buibui alikuwa amejenga kati ya msumari na ukuta, na utando wake, uliojaa vumbi la siku nyingi, haukuwa umechanika popote.

"Hapa hakukufungwa kitu," alisema, akashusha tochi chini.

Karibu na msumari, chini kabisa, kulikuwa na tundu lililotobolewa kwa patasi ili kupitishia nyaya. Aliinama akachungulia. Aliona giza na vumbi, na mahali fulani ndani ya giza hilo taa ndogo ya kijani ikipepesa.

"Mumulete Akaliza," aliwaambia askari. "Tunapanda."

Ukumbi ulikuwa chumba kimoja kirefu chenye kompyuta saba zilizopangwa juu ya meza ndefu kando ya ukuta wa ngazi. Watu watatu walikuwa wakingoja, kama walivyoagizwa, kwa sababu ni hao watatu waliokuwemo humu Jumamosi saa tisa na nusu Protais alipoanguka.

Wa kwanza kusimama alikuwa Igor, nahodha wa timu ya mchezo wa kompyuta, kijana mrefu wa familia yenye nusu yake Gisenyi na nusu Goma, aliyevaa koti la michezo na tabasamu. "Afande, bonjour! Donc, basi, tunaanza? Mi niko tayari kusaidia, unipe kazi tu."

Wa pili alikuwa Tuyisenge, aliyerudi kutoka Uganda na wazazi wake akiwa mkubwa tayari. Alisalimia kwa kunong'ona, akakaa tena. Wa tatu alikuwa Habib, msimamizi wa ukumbi, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, na huyo hakutabasamu wala hakunong'ona.

"Mumefunga mutoto ya watu," alisema Habib. "Haya. Leo munataka nini?"

"Leo nataka kufundishwa," alijibu Verediane. Alivuta kiti mbele ya kompyuta namba nne, mashine ambayo Akaliza huitumia siku zote, akamwashiria Akaliza akae. Kisha akamfungua pingu mkono mmoja. "Kila mutu anasema we ni fundi ya mitego. Nifundishe mutego, kama mutu asiyejua kitu."

Akaliza alimtazama kama mtu anayepimwa homa na mganga asiyemwamini. Siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemchosha uso. Lakini mchezo ulipofunguka kwenye kioo, macho yake yalibadilika, na Verediane aliliona hilo.

Mchezo wenyewe waliuita Ngome tu. Timu nzima huingia kwenye mlima mmoja, inachimba vyumba, inafua vyuma, inalisha watu wake, na kila baada ya muda wavamizi hutokea nje kuja kuimaliza. Ngome ya timu hii ilikuwa na miaka mitatu. Mwezi ujao timu nne bora za Afrika Mashariki zingeshindana Dar es Salaam, nayo ya Gisenyi ilikuwa mojawapo.

"Kwanza unahitaji mtambo," alianza Akaliza. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Fundi anauchonga kwa jiwe. Jiwe lolote, ila akiwa fundi mbovu mtambo unakwama. Halafu silaha. Hizi hazishikwi na askari, zimeundwa kwa mtego tu. Hiki ni kisahani chenye meno. Hili tufe la miiba. Hii parafujo, kubwa kuliko mtu. Mtego mmoja unabeba silaha kumi."

"Kumi mara moja?"

"Kumi mara moja. Mimi napenda visahani. Vya chuma cha pua, vimefuliwa na Tuyisenge, kila kimoja kinakata mara tatu." Sauti yake ilikuwa imeanza kupata joto. "Unaviweka kwenye korido nyembamba, mahali ambapo lazima mtu apite. Anakanyaga, basi."

"Na watu yenu wenyewe? Mutego haiwakate?"

"Hapana, Afande. Mtu wa ngome anajua mtego ulipo. Anapita juu yake na ndoo kichwani, haguswi. Labda azimie pale juu yake, hapo ndipo utamkata."

Verediane alimtupia Habib jicho. Habib alikuwa amepita kwenye kidato kile Jumamosi dakika chache kabla ya Protais, na hakuguswa. Hilo lilikuwa kwenye ripoti, ukurasa wa tatu, na hakuna aliyelishughulikia.

Kabla hajauliza neno, baragumu lililia kutoka spika zote saba.

"Yebabawe!" Tuyisenge aliruka kitini. "Wamekuja! Serious, wamekuja!"

Hakuna aliyeomba ruhusa ya mtu. Habib, mtu mzima, alikimbilia mashine yake kofia ikamdondoka. Igor alikuwa ameshakaa namba saba. Kwenye kioo, wavamizi zaidi ya arobaini walikuwa wakimiminika kutoka msituni, wamepanda wanyama wenye pembe, na mbele yao jitu moja lenye ngao pana kama mlango.

"Funga lango la ng'ombe!" alipiga kelele Akaliza. Mkono wake mmoja huru uliruka juu ya vitufe, pingu ikining'inia kwenye mwingine. "Habib, watu wa mashamba ndani! Acheni korido wazi, waache waje, waache waje!"

Walikuja. Verediane alijikuta amesimama, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mvamizi wa kwanza aliingia kwenye korido, visahani vikazunguka, na hakukuwa na mvamizi wa kwanza tena. Wa pili. Wa tano. Wa tisa. Tuyisenge alikuwa akihesabu kwa sauti. Kisha mnyama mmoja mkubwa akaanguka katikati ya meno ya mtego, na visahani vikaganda.

"Umekwama!" Akaliza alisema. "Maiti imekwama kwenye mtego. Hakuna wa kwenda kusafisha sasa. Igor! Daraja! Wenzo!"

"Naona, naona!"

Jitu lilikuwa limefika darajani na kundi lote nyuma yake. Chini ya daraja, Verediane aliambiwa baadaye, kulikuwa na miiba ya chuma iliyolala ndani ya mashimo.

"Igor, vuta levye!" Habib alinguruma; wenzo kwao huku ni levye. "Unangojea nini? Vuta!"

Igor alivuta. Alichelewa, jitu likapita, lakini miiba ilichomoka ikawachukua sita waliolifuata. Akavuta tena, ikazama. Akavuta tena, ikachomoka. Juu, chini, juu, chini, na kila mara wavamizi wakapungua, mpaka jitu likarudi darajani kuona limebaki na nani, na mwiba wa mwisho ukalikuta pale pale.

Ukumbi ulilipuka. Tuyisenge alimkumbatia Habib, Habib alimkumbatia askari wa mlangoni. Verediane Uwimbabazi, mpelelezi wa daraja la kwanza na mama wa watoto watatu, alikuwa amepiga ngumi hewani, na hakuona haya hata kidogo. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Ilidumu mpaka pingu ya Akaliza ilipogonga meza, na kila mtu akakumbuka kwa nini wako pale.

"Leo umechelewa sana," Tuyisenge alimwambia Igor. "Wewe huchelewi."

"Mukono imelala," alijibu Igor, akacheka.

Verediane alikaa chini polepole. "Akaliza, nieleze kitu kimoja. Ile mutego ya korido ilikata yenyewe. Ile ya daraja, juu ya nini Igor alikuwa anavuta, sababu ni nini?"

"Miiba ya daraja si kama mtego wa silaha, Afande. Haina akili. Haimjui adui wala rafiki, haijui kama kuna mtu juu yake. Imelala tu. Imeunganishwa na wenzo, yaani mpini wa kuvuta, na wenzo unangoja mkono. Ndiyo maana mimi siutumii. Anayevuta lazima awe pale, aone, achague nani apite na nani asipite."

Achague nani apite. Verediane aliinuka bila kuaga, akatoka mlangoni, akarudi na bahasha ya ushahidi. Akautoa waya wa buluu, akauweka mezani. Ncha moja ilikuwa na alama ya fundo la reli. Nyingine ilikuwa laini, haikukunjika popote, na kichwa chake cha plastiki kilikuwa kizima.

"Habib," alisema. "Jumamosi ulishuka saa ngapi?"

"Afande, hii maneno niliisha kuisema mara tatu. Akaliza alitoka saa tisa na dakika ishirini, akapanda moto, pikipiki ya kwenda Mahoko. Mi nikashuka nyuma yake kutafuta chai, nikapanda na chai. Kitu ingine sijue."

"Kushuka na kupanda. Kwa ile kidato ulipita mara mbili. Dakika tatu hazijapita, Protais anaenda kufungulia watu mulango na anaanguka. We hukuanguka. Juu ya nini?"

Habib alipandwa na hasira. "Wallahi! Donc unataka nianguke kwanza ndiyo uniamini?"

"Waya uliiona?"

"Niliiona. Niliikanyaga hata! Ilikuwa inalala chini kwa kidato. Hapa waya zinalalaka kila mahali, Afande, angalia mwenyewe. Nikasema kesho nitaiondosha."

"Haikukazwa?"

"Ingekuwa imekazwa, mi na termosi yangu tungekuwa hospitali, kitanda moja na Protais."

Verediane alimwamini. Alimwamini kwa furaha kubwa, kwa sababu Habib hakujua amesema nini. Alienda mwisho wa meza, akavuta boksi lililofichwa chini yake kati ya mashine namba saba na kiti cha Habib, na pale sakafuni palikuwa na tundu lile la nyaya aliloliona ngazini. Alipitisha ncha yenye kichwa cha plastiki. Ilipita. Akaichomoa, akapitisha ile nyingine, akamtuma askari nje aifunge kwenye reli, kisha akavuta. Kule ngazini waya ulinyanyuka kutoka kwenye kidato ukakaza, usawa wa kifundo cha mguu. Akaachia, ukalala.

Tuyisenge alichungulia mlangoni, akauangalia waya.

"Hii haikuwa mutego," alisema Verediane. "Ilikuwa levye. Imelala pale tangu saa ngapi hatujui, Akaliza amepita, Habib amepita mara mbili, na mutu alikaa hapa ndani, anachungulia kwa hii tundu, anangojea miguu ya Protais. Akaliza alikuwa juu ya moto. Humu mulikuwa watu watatu."

Simu yake ililia. Alikuwa Hitimana, mkuu wake, naye alitaka kujua faili liko wapi maana ni saa nne na nusu. "Inakuja," alisema Verediane. Hitimana alimkumbusha kwamba waya ni jambo moja na maandishi ni jingine: yule binti amekiri kwa mkono wake. Alikuwa sahihi. Ukiri ulikuwemo kwenye faili, umepigwa chapa safi kabisa, nao ulichongwa katika ukuta wa ngome ya mchezoni kwa jina la Akaliza saa tisa na dakika ishirini na saba. Mchezo waweza kuingiwa hata kwa simu, kwa hiyo kuwa juu ya pikipiki hakukumsaidia binti huyo chochote.

"Nionyeshe huo ukuta," alimwambia Akaliza.

"Mimi sikuandika, Afande. Mashine yangu huwa naiacha wazi, watu wangu waendelee kuchimba. Mtu yeyote angeweza kukaa hapa, na hakuna ambaye angeshangaa."

"Najua. Nionyeshe."

Ulikuwa ukuta wa chumba cha mikutano, umejaa vibao vidogo vya maandishi. Vyote vilikuwa vya Kiswahili, kwa sababu majaji wa Dar wangevisoma, na Akaliza alikuwa amepewa kazi ya kuwasahihisha wenzake. Verediane alisogeza uso karibu na kioo. Hakuwa amekiona kibao chenyewe, alikuwa ameona nakala ya karani tu.

*Protais ataanguka kwa mtego wangu. Mndo ni wangu na mkono ni wangu. Mngu anisamehe. Akaliza.*

Alisoma mara moja. Akafungua faili, akatazama nakala. Karani, mtu mwema asiyependa makosa, alikuwa ameandika *muundo* na *Mungu*.

Verediane alijikuta anacheka, na macho yakamlowa papo hapo. Alikuwa amerudi darasani, mwaka wa kwanza wa sekondari, mbele ya mwalimu aliyetoka Tabora. Watoto wa mpakani walisema mutu, muti, mulango, naye kila siku aligonga ubao na kusema toeni hiyo u, toeni hiyo u! Wakaitoa. Waliitoa kwa woga, wakaitoa kila mahali ilipotokea, na siku ya mtihani darasa zima lilimnyofoa hata Mungu irabu yake. Verediane mwenyewe aliandika *Mngu* mara nne kwenye ukurasa mmoja, akiamini anaandika Kiswahili cha watu waliosoma.

Mtu wa Karagwe hawezi kukosea hivyo. Hajawahi kuwa na u ya kutoa. Kosa hilo ni la mtu ambaye nyumbani anasema mulango, na mbele ya wageni anajikaza kusema mlango. Aliyeandika pale alikuwa amevaa ulimi wa Akaliza kama nguo ya kuazima, na akaikata mikono.

"Kila mutu kwa mashine yake," alisema. "Munaandika kibao kimoja, kila mutu pekee yake. Mi nasema kwa Kiswahili yangu ya hapa, mi ni muzaliwa wa hapa, munanisikia. Nyinyi munaisafisha, inakuwa ya kusomwa na majaji. Tayari?"

"Mimi Kiswahili yangu ni ya Kampala, Afande, ya kuokota tu," alilalamika Tuyisenge. "Usinicheke."

"Sikucheke. Andikeni. *Mungu alinde hii mulango. Muundo ya ngome iko ya watu wote.*"

Vitufe vilitatarika. Igor aliandika kwa mkono mmoja, wa kushoto, akiwa wa kwanza kumaliza. Verediane alipita nyuma yao bila haraka.

Tuyisenge alikuwa ameandika: *Mungu alinde geti hii. Dizaini ni ya watu wote.*

Habib: *Mungu alinde hii mulango. Muundo ya ngome iko ya watu wote.* Hakuwa amesafisha chochote. "Mi naandikaka vile nasemaka," alisema kwa ukali. "Majaji wakikosa kusikia, waniulize."

Igor: *Mngu aulinde mlango huu. Mndo wa ngome ni wa watu wote.*

Kilikuwa Kiswahili kizuri kuliko vyote vitatu. Upatanisho wote ulikuwa mahali pake, na mtu alikuwa amejifunza kwa bidii kuuweka pale. Verediane alikisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akageuza kioo cha namba nne ili vibao viwili vitazamane.

Igor alivitazama. Tabasamu lilikaa usoni muda mrefu kuliko lilivyotakiwa. "Afande, ile ni kosa ya kuandika tu. Kidole imeteleza."

"Imeteleza mara mbili leo. Imeteleza mara mbili Jumamosi. Kwa maneno yaleyale."

"Akaliza ndiye alitufundisha! Alisema tutoe u."

"Aliwafundisha wote. Habib hakusikia, Tuyisenge hana u ya kutoa. We ulisikia." Verediane alinyoosha kiganja chake. "Mukono yako ya kulia, Igor. Tangu nimefika iko ndani ya mufuko. Hata vita ilikukuta na ya kushoto. Itoe."

Mkono haukutoka upesi. Ulipotoka, mstari mwekundu ulikuwa umechimba kiganja kutoka upande huu hadi upande ule, nyama imeanza kuota gamba. Ni pale waya ulipochomoka na uzito wa mtu mzima wakati Protais alipoelea hewani kwa nusu sekunde na kutua juu ya mawe.

"Sikutaka afe," alisema Igor. Kiswahili cha majaji kilikuwa kimekwisha. "Mi nilitaka aanguke tu, avunje muguu, asiende Dar. Ijumaa nilisikia kwa mulango, niko inje. Alisema Igor haendi, Igor anapenda sifa, nahodha sasa ni Akaliza. Miaka tatu! Miaka tatu mi navuta ile levye, na wanataka kwenda bila mi! Sikungoja kusikia ingine. Nilienda zangu."

"Ulienda zako," Akaliza alirudia.

Alikuwa amesimama. Siku mbili alikuwa ameulizwa swali moja, na watu watano tofauti: Ijumaa wewe na Protais mligombana nini, hata ukapiga meza watu wakasikia barabarani? Siku mbili alikuwa amefumba mdomo, na ripoti ikaandika kwamba kimya chake ni dalili ya hatia. Verediane naye alikuwa amemuuliza tangu asubuhi, ndani ya gari, akaishia kuangaliwa.

"Ningesema tuligombana juu yako, wangesema ni wewe," Akaliza alimwambia Igor. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilinyamaza kwa ajili yako. Nilipiga meza kwa ajili yako! Nilimwambia Protais kama Igor haendi, mimi siendi, na huo unahodha abaki nao mwenyewe. Hakuna mtu Afrika Mashariki nzima anavuta wenzo kama wewe."

Igor alikitazama kiganja chake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye alisemaka nini?"

Akaliza alitikisa kichwa; Protais hakuwa amempa jibu Ijumaa. Verediane alifungua bahasha ya vitu vilivyotolewa kwenye nguo za Protais hospitalini: funguo, kitambaa, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye doa la damu pembeni. Kwa siku mbili ilikuwa imelala kwenye faili kama orodha ya majina tu, haina maana. Ilikuwa ya mwandiko wa Protais, yenye tarehe ya Jumamosi. Aliikunjua na kuiweka mbele ya Igor.

Timu ya Gisenyi, Dar es Salaam. Akaliza, nahodha. Igor, wa pili. Tuyisenge. Habib.

Igor aliweka kidole cha kushoto chini ya jina lake. Alilisoma, akalisoma tena, midomo ikicheza. Kisha akaketi sakafuni palepale karibu na tundu la nyaya.

Verediane alimfungua Akaliza pingu ya mkono wa pili. Akapiga simu kwa Hitimana kumwambia faili litafika saa sita kama lilivyoagizwa, isipokuwa jina la juu limebadilika.